Mlango wa Nafuna

— Valerie ni nani?

Shivachi alisimama kwenye tope la mtaa wa Gatwekera, miwani myeusi usoni ingawa mawingu yalikuwa yametanda. Siku tatu simu yake ilikuwa imezimwa. Nafuna, aliyemzibia mlango, hakuwa amekaa kitako tangu asubuhi, na nguo za Shivachi zilikuwa tayari kwenye gunia. Ujumbe aliouona Jumatatu kwenye simu ya mpenzi wake ulikuwa bado unamchoma: “Kesho saa mbili. Oga vizuri, usijipake marashi. Valerie.”

— Wacha niingie kwanza, babe.

— Utaingia ukinijibu! Na utoe hiyo miwani.

Akaitoa. Macho yalikuwa mekundu, machozi yakamtiririka. Nafuna akamnyooshea kidole.

— Kumbe ni ukweli. Unalilia dem mbele yangu!

— Ni mwangaza, Nafu. Valerie ni nesi wa macho. Nimefanyiwa upasuaji wa leza, na marashi inasumbua hiyo mashine.

— Leza ya nini?

— Konea, hiki kioo cha mbele ya jicho. Yangu ilikuwa imepinda, mstari mmoja naona mbili. Wameinyoosha. Mafundi wenzangu wa Kawangware walinichangia.

— Na mimi hukuniambia?

— Niliogopa, nikazima simu. Si ulichekesha ploti nzima na huu mlango?

Nafuna akanywea. Mlango huo wa chuma Shivachi alimchomelea mwenyewe, akauleta kwa mkokoteni kutoka Kawangware. Juu ulikwama, chini paka alipita. Nafuna aliwaambia majirani, “Fundi wangu haoni, lakini ananipenda.” Hakujua mzaha ule ulimkosesha mwenzake usingizi.

— Pole, mpenzi. Nilikuwa nacheza tu. Wee, usifikiche macho!

Akamshika mkono. Shivachi akachomoa mfukoni pima maji, kifaa chake cha kupimia unyoofu, akaiegemeza mlangoni. Zamani kitone cha hewa kilicho ndani yake alikiona kama viwili, akaishia kukisia. Leo kilikuwa kimoja, katikati kabisa. Akaihamishia kwenye ukuta wa udongo. Kitone kikakimbilia pembeni.

— Nafu! Mlango uko sawa. Ni nyumba imepinda!

Nafuna alicheka hadi akashika fremu. Kisha akamsukumia lile gunia kifuani.

— Bado unanifukuza?

— Beba. Zangu nazifunga saa hii, na mama yangu kule Bungoma nampigia leo, ajue unakuja kujitambulisha. Twende mtaa wa Satellite tutafute nyumba iliyonyooka kama mlango wangu.