Tawi la Lindokuhle

Jua lilikuwa linazama wakati MaZondi na shemeji yake Mbongeleni walipofika kilele cha njia ya mlima ya Sani. Lesotho yote ilibaki nyuma yao, milima juu ya milima, myekundu kama makaa. Watalii hupanda huko kupiga picha. MaZondi alipanda kumfuata mwanawe.

Lindokuhle alifia huko kwenye theluji, akazikwa nyumbani, ng'ambo ya mpaka. Lakini kuzika mwili ni nusu ya kazi. Roho hubaki pale ilipouacha mwili mpaka mtu wa damu aifuate na tawi la miiba, aiite kwa jina, airudishe. Nayo huitwa mara moja tu. Sasa MaZondi alikwisha kumwita, na tawi lilikuwa mapajani mwake, zito kama mtoto aliyelala. Kiti cha nyuma cha gari kilikuwa cha Lindo. Mpaka afike nyumbani, mwenye tawi hageuki nyuma, wala haongei na mtu aliye hai. Huzungumza na marehemu peke yake, amwambie kila mto na kila mpaka, asije akaachwa njiani.

"Tunavuka mto, mwanangu. Shikilia."

Walio hai aliachiwa Mbongeleni.

Mpakani askari aliinama dirishani. "Mama mbona kanuna? Umemnyima chai nini, mzee?"

Mbongeleni, mtu wa maneno mengi, akacheka. "Huyu akinuna ndiyo salama yangu!"

"Mko wangapi?"

"Wawili tu, bosi."

Wawili! Mjinga huyu, wazee walimwonya asubuhi hiyo hiyo: useme watatu.

Tawi likawa jepesi...

"Lindo!" MaZondi akanong'ona. "Tunavuka mpaka, mwanangu, njoo!" Gari lilikwishapita. Nyuma yao lango likalia kriii, likafungwa. Akapiga ngumi mlango wa gari.

"Lia tu, shemeji," Mbongeleni akamwambia kwa huruma. "Kulia kunasaidia."

Wakaanza kuteremka, kona baada ya kona, korongo likiwa jeusi chini yao. Kisha harufu ikaingia. Manyoya yaliyolowa... moshi wa samadi... Kiti cha nyuma kikalia.

Tawi likawa zito tena.

Machozi ya furaha yakamtoka. Kanikimbilia, mwanangu! Mkono wa kulia, baridi, ukatua begani mwake. Akaupapasa, kidole kimoja kimoja.

Vitano.

Lindo alikuwa na vinne. Cha mwisho kiliondoka na shoka la kuni akiwa mdogo, na MaZondi mwenyewe ndiye aliyemfunga kidonda.

"Mbona umenyamaza, mama?" sauti ikamnong'oneza sikioni. "Nitajie mito."

Akaitaja yote, bila kugeuka, hadi nyumbani.

Ukoo ulikuwa umejaa uani, mbuzi amefungwa tayari. Baba mkwe akamsogelea, machozi yakimlengalenga. "MaZondi, umemleta?"

Vidole vitano vikambana bega.

"Nimemleta, baba."

Wakapiga vigelegele. Akaliingiza tawi ndani, akalilaza mahali pa mwanawe.

Tangu hapo, jua likizama, MaZondi huketi ameelekea milimani. Huko juu, langoni, Lindo anangoja mama yake amwambie avuke.