Koili za Somo

"Kipanga, anakuponyoka."

Sauti ya Shangazi ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa operesheni, na jina hilo alipachikwa kwa namna alivyojua kugombeza.

"Mwache aende," Kipanga akajibu.

Hakuongeza mwendo. Mbele yake gari jeusi la turbo lilikata kona na kuanza kupanda mlima. Aliyeshika usukani ni mlanguzi waliyemwita Madoido. Kwenye kiti cha pembeni, imefungiwa mkanda kama abiria, ilikuwepo chupa ya sumu. Juu mlimani kulikuwa na bwawa ambalo mji mzima ulikunywa maji yake.

Risasi ingeipasua chupa. Kizuizi kingemgeuza Madoido arudi nayo mjini, katikati ya watu.

Gari lilipaswa kufa lenyewe.

Redio ikanyamaza. Ndipo ikaja sauti nyingine.

"Inakohoa, somo."

Kipanga hakushtuka. Mwenye sauti hiyo alikuwa kaburini. Walifanya kazi pamoja, wakaitana somo hadi majina yao yakasahaulika. Katika mlima huuhuu gari la Somo lilianza kumisi, injini ikikosa cheche na kurukaruka, likaishiwa nguvu, na Madoido akageuza gari akammiminia risasi. "Inakohoa, somo" ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho redioni. Tangu hapo Kipanga aliyasikia kila redio iliponyamaza. Alikuwa akiiombea sauti ile ipumzike.

Haikupumzika.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa gereji, ndani ya ovaroli, akijifanya fundi. Chupa ilikuwa bado kwa wageni waliomtuma Madoido, kwa hiyo kumkamata pale kusingesaidia. Gari la Madoido lilikuwa likimisi, naye alitaka koili mpya, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Hakumwamini mtu. Alifungua boksi mwenyewe, akainusa ile harufu ya upya.

"Fundi, leo una haraka. Mapenzi au njaa?"

"Njaa, bosi."

Madoido akacheka. Hakujua kwamba boksi tu ndilo lilikuwa jipya. Koili zilitoka kwenye mabaki ya gari la Somo, zikasuguliwa kwa petroli hadi zikang'aa. Kila moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Zikiwa baridi, injini ingenguruma bila kasoro. Zikipata moto, na mlima ukaidai injini nguvu, cheche ingetorokea kwenye ufa na plagi isiambulie kitu.

Somo ndiye aliyemfundisha kupima. Hamishia koili silinda nyingine, usikilize. Kumisi kukihama nayo, umempata mgonjwa. Ugonjwa huifuata koili popote iendapo.

"Kipanga, bwawa linaonekana," Shangazi akasema. "Na wewe unaendesha kama unampeleka bwana harusi."

"Bado kidogo, Shangazi."

Sauti yake ilikuwa tulivu. Moyo haukutulia. Koili zikistahimili hadi kileleni, watoto wa mji ule wangekunywa kifo jioni.

"Ee Mungu," akanong'ona, "usiitazame chuki yangu. Watazame hao watoto."

Gari jeusi likakohoa.

Likakohoa tena. Likatetemeka lote, likajikokota, likasimama.

Kipanga alifika mlangoni kabla Madoido hajaipata bastola yake. Mdomo wa bastola ya Kipanga ukamgusa shingoni.

Madoido akamtazama, akaitazama ovaroli ambayo Kipanga hakuwa ameivua. "Fundi? Koili zilikuwa mpya. Nilizinusa mwenyewe."

"Ulinusa boksi."

Vijana wa Shangazi walikuja wakaichukua chupa kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Wakamchukua na Madoido. Kipanga akafungua boneti, akazichomoa koili zikiwa bado za moto, akazifunga ndani ya leso. Shangazi akauliza kwenye redio takataka hizo anazipeleka wapi.

"Kwa mwenyewe."

Akazima redio, akawaachia vijana gari lake, akaanza kushuka mlima kwa miguu kuelekea kaburini kwa Somo. Leso ilimuunguza mfukoni. Akatega sikio kuisubiri ile sauti, kama alivyozoea.

Alisikiliza hadi kona ya mwisho. Hakuna aliyekohoa.