Mpira wa Nyuma ya Injini

Kila Jumapili asubuhi Sisimizi alifua, na Bibi akakunja. Sisimizi alipewa jina hilo kwa umbo lake: alikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini mikono yake ilikuwa myembamba kama ya mtoto wa miaka sita. Bibi naye alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hata hivyo, soksi hazikumpiga chenga. Alizipapasa tu, akazipanga jozi kwa jozi.

"Hii ya baba yako," alisema. "Imetoboka kisiginoni. Nyembamba kama subira yake."

Siku hiyo subira ya Baba ilikuwa inaishia uani, chini ya boneti. Baba alikuwa seremala, si fundi wa magari. Lakini gari lao kuukuu lilikuwa likivuja maji ya kupozea injini, fundi alikuwa amesafiri, na kesho yake asubuhi Bibi alitakiwa hospitali, mwendo wa saa tatu, akafanyiwe upasuaji wa jicho. Nafasi hiyo aliingoja miezi saba. Injini ikichemka njiani, nafasi imekwenda.

Mpira wa kwanza wa kupitisha maji Baba aliubadilisha bila shida. Wa pili ulijificha nyuma ya injini. Wa zamani aliung'oa kwa koleo ndefu, ila kuuingiza mpya kukamshinda. Mkono wake ulikwama kwenye kifundo, ukatoka na michubuko.

"Sisimizi, njoo," aliita. "Leo wewe ndiye fundi."

Sisimizi akapanda kigoda, akashika mpira mpya, akapenyeza mkono hadi begani. Hakuona kitu. Aligusa bomba, akagusa waya, akagusa bomba jingine, kisha kitu chenye mafuta ambacho hakukijua.

"Sukuma kulia," Baba alisema.

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia kwa gari."

"Gari lina kulia?"

"Sukuma tu, mwanangu."

Akasukuma. Akapapasa klipu ya kubana mpira, akaizungusha kwa bisibisi fupi mpaka ikagoma. Jasho lilimwingia machoni.

"Umekaa, si ndiyo?" Baba aliuliza.

"Ndiyo," alijibu.

Baba akajaza maji, akawasha injini dakika mbili, akachungulia chini. Hapakuwa na hata tone. Akaenda kunawa huku akipiga mluzi.

Sisimizi alirudi kwenye beseni lake, kichwa kikimzunguka. Alijaribu kukumbuka mpira uliingia wapi, lakini vidole havikumpa jibu. Hakudanganya. Au alidanganya? Mtu akisema jambo ambalo huenda ni kweli, huo ni uongo? Kila alipodhani amelipata jibu, lilimteleza kama sabuni.

"Soksi hiyo umeifua mara tatu," Bibi alisema. "Sauti naisikia."

"Bibi, nikisema ndiyo na sijui, ni uongo?"

"Sijui," Bibi alijibu. "Umemwambia nani ndiyo?"

Sisimizi akamweleza yote. Bibi hakumkaripia. Aliomba aletewe mpira wa zamani, akaingiza kidole ndani yake na kufumba macho, kana kwamba kufumba kungemwongezea kitu.

"Pingili mbili za kidole toka mdomoni kuna mfereji wa duara," alisema. "Kitu kilikaa hapa miaka. Ule mpya ulipoingia, ulihisi kitu kama hicho?"

"Sikumbuki."

"Basi nenda kamwambie hivyo hivyo."

Hatua kutoka beseni hadi kwa Baba zilikuwa kumi. Alizihesabu zote.

"Baba, nilisema ndiyo. Sijui kama umekaa."

Mluzi ulikatika. "Hujui, au haukukaa?"

"Sijui."

Baba alitazama gari, akatazama mikwaruzo yake. "Nimejaza maji yote hayo," alisema, kisha akaenda kuleta ndoo.

Waliacha injini ipoe kabisa, wakamwaga maji. Sisimizi akapenyeza mkono tena, safari hii macho kayafumba, taratibu, kama Bibi na soksi zake. Baba alimweleza kwamba mdomo wa bomba una tuta la mviringo. Mpira lazima ulivuke, na klipu ibane nyuma yake. Vidole vikalikuta tuta. Mpira ulikuwa umelifikia, haukulivuka. Klipu ilikuwa imebana mpira mtupu.

"Haujavuka," alisema.

Bibi akawapa povu la sabuni kutoka kwenye beseni. Mpira ukapakwa, ukateleza, ukavuka tuta. Sisimizi akapima: pingili mbili. Ndipo akakaza klipu. Safari hii Baba aliweka kadibodi kavu chini ya gari, akaacha injini ingurume nusu saa hadi ipate moto sawasawa. Kadibodi ilibaki kavu.

Baba akafuta mikono. "Ule mpira ungechomoka njiani, maji yakipata moto," alisema. "Na kosa si lako peke yako. Nilikuuliza kama mtu anayetaka jibu moja tu. Lakini shika hili: kutojua si aibu. Aibu ni kumpa mtu ndiyo ambayo huna. 'Sijui' ingetugharimu dakika tano. Ile ndiyo yako ingemgharimu bibi yako jicho."

Asubuhi walimpakia Bibi kiti cha mbele, Sisimizi nyuma na kikapu. Baba akashika usukani.

"Mlango wa jikoni umefungwa?"

Sisimizi alikaribia kusema ndiyo.

"Sijui," alisema, akafungua mlango wa gari. "Ngoja nikaangalie."