Mchanga Uliolowa Kabatini

Mashine ya kuchimba kisima ilifika mwisho wa mabomba yake huko Kakuma, Jumanne asubuhi, Machi 2013, ikatoa vumbi tupu. Jioni hiyo Losike, dereva wa mradi wa maji, alikuwa seli, Lodwar.

Kesho yake Sajini Wangari alisimama katika maabara ya mradi, hapo hapo Lodwar, akitazama mfuko wa sampuli uliozua balaa lote. Ulikuwa umefungwa kwa nailoni mbili, na mchanga ndani yake bado umelowa.

“Nieleze kama unamweleza mtoto,” alimwambia Nekesa, msimamizi wa mradi.

“Mashine hii ya mezani hupima jinsi kitu kinavyoshika umeme. Mchanga mkavu hushika kidogo, maji hushika sana. Huu ulishika sana, nikasema tuchimbe.”

“Na kama mashine ni mbovu?”

Nekesa alipima kwa mashine hiyo kipande cha plastiki kilichoandikwa namba yake kiwandani. Namba ikalingana. “Si mbovu. Losike aliuleta mfuko peke yake, afande. Pale tulipochimba ni jirani na boma la mama yake. Alitaka kisima kwao, akaulowanisha.”

Mugure, mpimaji mwenzake, aliyeupokea mfuko Ijumaa na kuufungia kabatini, alitikisa kichwa. “Shida ya maji. Mimi hata simlaumu.” Akaenda kuchemsha chai.

Nathan, askari wa geti, naye alikuwa na funguo zote. “Nililala humu Jumamosi,” alikiri. “Nilifuata feni, afande. Kosa langu ni upepo, si maji.”

Wangari aliinamia mashine. “Mbona namba ni mbili?”

“Ya pili ni umeme unaovuja,” alisema Nekesa. “Chumvi ndiyo huuvujisha.”

“Na maji ya hapa yana chumvi?”

“Hata kwenye chai utaionja.” Nekesa alipima tena mchanga wa mfuko, akaitazama namba ya pili. Ilikuwa ndogo mno kwa maji ya chumvi. Alifungua kinywa, Wangari akamwashiria anyamaze.

Saa tisa alasiri Losike aliletwa. Mezani palikuwa na sahani tatu za mchanga mkavu kutoka kile kisima.

“Kila mmoja alowanishe wake,” Wangari aliamuru.

Losike alichota maji ya dumu lililokuwa mlangoni. Nathan akachota humo humo. Mugure alilipita dumu, akafungua kabati na kutoa chupa ya maji ya maabara, yale ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi.

“Mbona hukutumia dumu?”

“Maji ya dumu huharibu kipimo,” Mugure alijibu bila kufikiri.

Nekesa alizipima zote. Sahani za dumu zilivujisha umeme vibaya. Ya Mugure ililingana na mfuko.

“Aliyemwagia mfuko huu aliogopa kuharibu kipimo,” alisema Wangari. “Dereva hana woga huo. Askari pia hana.”

“Hata Nekesa angeshika chupa hiyo,” Mugure alipinga.

“Nekesa alikuwa Kakuma mpaka Jumatatu, na wewe ulimpa mfuko ukiwa umelowa tayari. Chupa haijatoka humu.”

Mugure alikaa. Akaanza kusema kwa Kikuyu, Wangari akamjibu kwa Kiswahili: “Sema wote wasikie.”

“Mimi ndiye niliyemfundisha Nekesa kuiwasha mashine hiyo. Nilimshika mkono, nikamwonyesha. Akapewa Kakuma, akapewa gari, wageni wakaja kumpiga picha. Mimi nikabaki kuosha sahani. Nilitaka achimbe mbele ya watu, apate vumbi.”

“Na Losike?”

“Sikumfikiria.”

“Kabisa?”

“Kabisa.”

Wangari alimfungua Losike pingu na kumfunga Mugure zilezile.

Nje, Nekesa alimkuta dereva akikagua magurudumu ya gari, akamsalimia kwa Kiturkana. “Ejok, Losike. Nisamehe.”

“Njiani mimi ni ndugu, madam. Ofisini ni mwizi.”

Nekesa alimpa ufunguo wa gari.

“Mama bado anafukua maji kwenye laga, mto uliokauka,” alisema Losike, akamfungulia mlango. “Ingia, tukachukue mchanga mwingine. Lakini safari hii mfuko utaupakata wewe, mpaka Lodwar.”