Wewe Mulika Tu

Ndugu zangu, kabla sijawaeleza yaliyompata Mzee Waya, nitangulize kusema kwamba yu hai, anakunywa uji wake, na kila asubuhi anamshukuru Mungu na kumshukuru mkewe. Nimeanza na hilo makusudi, ili msikilize kwa roho iliyotulia.

Mzee huyu alikuwa fundi wa lifti. Ujana wake ulikwisha ndani ya vile vyumba vya juu ya majengo marefu, vyenye milango iliyoandikwa "Hatari", akiwa na funguo zake kiunoni na hana wa kumuuliza kitu. Alipostaafu, yeye na mkewe walihamia kwenye mashua yao ya matanga, wakawa wanatembea kisiwa hadi kisiwa bahari inapotulia. Mkewe alikuwa mshonaji wa matanga na maturubai. Cherehani yake ilikaa chini ya kitanda, na popote walipotia nanga hakukosa kazi. Asubuhi walikunywa chai nje, miguu juu ya benchi, wakiwacheka majirani wanaohangaika na kamba zao. Walipendana, nisiwafiche.

Kisha mzee akaamua kubadilisha umeme wote wa mashua.

Umeme wa zamani ulikuwa wa kizee kama wenyewe: betri nzito zinazofifisha taa polepole zikikaribia kuisha, na pembeni redio ya mawasiliano iliyokuwa na betri yake peke yake. Mzee akang'oa kila kitu. Akafunga paneli za sola, betri mpya nyepesi, redio mpya, skrini ya ramani, friji, na mtambo wa kushika usukani wenyewe. Kazi ilikuwa safi, nyaya zimenyooka hadi raha kuzitazama. Lakini vyote, redio nayo ikiwemo, alivitegemeza kwenye betri ile moja mpya. Swichi akaziweka chini ya benchi, akazifunika kwa kifuniko chenye kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni kama alivyozoea kule kwenye lifti.

Mkewe alishika tochi. Kila aliyewahi kumshikia fundi tochi anaijua kazi hiyo. Mkono unakufa ganzi, mwanga ukisogea kidogo unafokewa, na hakuna anayekueleza chochote.

"Hii swichi nyekundu ni ya nini?" mkewe aliuliza, mzee akiwa amejikunja chini ya benchi.

"Wewe mulika tu."

"Na betri hiyo ikizima, redio nayo si itazima?"

"Ikizima nitaiwasha. Mimi si nipo?"

"Na usipokuwepo?"

"Niende wapi, mama, katikati ya bahari? Usitikise tochi."

Wakacheka wote wawili. Mkewe aliomba tu ile redio ya zamani ibaki. Mzee akasema hawezi kuweka takataka kwenye kazi yake safi, akampa mlinzi wa gati redio hiyo na betri yake. Mkewe hakuwa mtu wa kushindana, akaendelea kumulika. Nanyi mnaosoma, msiharakishe kumcheka mzee. Nyumba ngapi tunazijua ambazo mtu mmoja amezibeba zote kichwani mwake?

Siku ya tukio mawingu yalikuwa yametanda tangu juzi yake, na paneli hazikuingiza kitu cha maana. Walikuwa mbali na nchi kavu, upepo ukitoka nyuma. Mtambo ulishika usukani huku mzee amesimama anakunja kamba. Betri za zamani zingefifia na kumpa mtu taarifa. Hii mpya ilipofika chini ilijifunga yenyewe ili isiharibike, na kila kitu kikazima kwa mpigo. Usukani ukakosa mshikaji. Mashua ikageuka, tanga likaruka upande wa pili, na ule mti mzito unaolishika kwa chini ukampiga mzee kwenye taya.

Alipopata fahamu alikuwa amelazwa ubavu, damu ikimtoka mdomoni. Tanga lilikuwa limeshateremshwa. Akataka kuita, taya halikumtii. Akataka kuinua mkono, ukagoma.

Kutoka chini alisikia kitufe cha redio kikibonyezwa, tena na tena. Simu haikuwa na mtandao huko. Injini ingewaka kwa betri yake ndogo ya pembeni, lakini bandari ilikuwa mbali, na nani angeshika usukani huku amezuia damu? Mzee alijua kabisa kinachotakiwa. Swichi nyekundu izungushwe, redio na vyombo vingine vipate umeme wa betri ya injini. Kazi ya dakika moja. Maneno ambayo aliwahi kuulizwa kwa upole akayazuia, leo alikuwa tayari kuyatoa yote na hakuwa na mdomo wa kuyatolea. Aliogopa sana. Kilichomuuma kuliko taya ni kwamba angekufa pale na kumwacha mkewe juu ya chombo asichojua kukiwasha.

Mkewe akapanda ngazi, mkasi wake wa kushonea mkononi. Akakata uzi wa ufunguo shingoni mwa mumewe, akamwinamia.

"Mzee wangu, usijaribu kusema. Nitakuuliza mimi. Ukikubali, fumba macho. Ukikataa, nitazame tu. Sawa?"

Akafumba.

"Ni ile swichi nyekundu niliyokumulikia?"

Akafumba.

"Naizungusha kulia?"

Akafumba, machozi yakimtiririka.

"Kuna kitu kinatangulia kabla sijaizungusha?"

Akafumba. Mkewe akafikiri.

"Nizime taa?" Mzee akamtazama tu. "Friji? Ili isiinyonye ile betri nyingine? Swichi yake ile ya mwisho kabisa, iliyokuchubua kidole?"

Mzee akafumba macho kwa nguvu zote alizobaki nazo. Kumbe mwenzake alikuwa anaona muda wote ule, na alichokosa ni kuambiwa tu.

Akashuka. Kufuli likafunguka, swichi ikalia, kisha redio ikakoroma. Mzee anasema hajawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Nakusikia, mama," mtu wa kituo cha uokoaji alijibu. "Mko wapi?"

Mkewe akapanda tena ngazi. "Nimsomee namba za juu kwenye skrini, zile zinazoonyesha tulipo?"

Akafumba.

Boti ya uokoaji iliwafikia mchana ule ule. Hospitali walimfunga taya kwa nyaya nyembamba, na mkewe alipoziona, baada ya kulia kilio chake chote, akamwambia, "Ulizipenda sana nyaya, na zenyewe zimekupenda." Mzee akacheka kwa pua, akaumia. Alipoletewa karatasi na kalamu aliandika neno moja, asante, akamshika mkewe mkono hadi muuguzi akachoka kusubiri.

Waliporudi kwenye mashua, mlinzi wa gati aliwarudishia ile redio ya zamani pamoja na betri yake. Kufuli likatupwa. Safari hii aliyejikunja chini ya benchi na bisibisi ni mkewe, na aliyeshika tochi ni mzee. Akawa anaeleza kila waya kwa meno yaliyofungwa, hata zile asizoulizwa, akirudia na kurudia.

"Baba," mkewe alisema kutoka kule chini, "nimeelewa. Wewe mulika tu."

Mzee akamulika. Mkono ukafa ganzi, wala hakuushusha.

FUNZO

Ndugu zangu, kuficha ujuzi wa nyumbani si mapenzi, hata kama tunasema tunawapunguzia wenzetu mzigo. Unayejua bomba kuu la maji linafungwa wapi, dawa ya mtoto inapimwaje, namba ya siri ya simu ni ipi, mwonyeshe unayeishi naye leo ungali na mdomo. Akikuuliza swali, mjibu, kwani huenda anajifunza namna ya kukuokoa. Na wewe unayeshikilia tochi, endelea kuuliza hata ukifokewa. Mzee Waya alipewa nafasi ya pili, naye ndiye aliyeniomba niwasimulie haya. Tumshukuru, na tusisubiri kupigwa ndipo tuanze kueleza.