Mlango wa Selo

Mlango wa selo ya adhabu ulikuwa umeibwa. Si kufuli, si komeo: mlango mzima, wa mbao nzito, pamoja na bawaba zake.

Inspekta alisimama mbele ya uwazi ule akijikaza asicheke. Mkuu wa kambi alikuwa ameutafuta wiki nzima kwa askari wake, mpaka akameza kiburi na kupiga simu polisi.

"Nani alikuwa ndani?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna. Wote wanaumwa."

Kweli. Kipindupindu kilikuwa kimewavamia raia waliozuiliwa pale tangu vita vianze, familia nzima nzima, kwa kosa la kuzaliwa ng'ambo ya mpaka.

"Nikimpata huyo mwizi," mkuu alifoka, "atakaa humu mpaka vita viishe!"

Inspekta aliichunguza fremu. Skrubu zilikuwa zimefunguliwa taratibu, mbao haikuchubuka hata kidogo. Huyu hakuwa mtu wa papara. Alimwita askari aliyekuwa zamu mchana ule mlango ulipopotea.

"Nani alipita hapa?"

"Hakuna, afande. Wanawake wanne tu, wamebeba mgonjwa kwenye machela. Kafunikwa gubigubi."

"Ulikagua?"

"Kipindupindu, afande? Niliziba pua nikawapisha."

"Machela ilibonyea katikati?"

Askari alikuna kichwa. "Hapana. Ilinyooka kama meza."

Hospitali ilikuwa banda refu la mabati. Inspekta alipofika mlangoni, wanawake wawili walikuwa wanamwingiza mzee, wamemning'iniza kwenye blanketi.

"Machela ziko wapi?"

"Machela?" mmoja alicheka. "Hapa tunazisikia tu."

Aliingia. Uani, nje ya dirisha, sufuria kubwa ilikuwa inachemka. Dirishani palikuwa na kitambaa cheupe, kimekunjwa pembe. Inspekta alikifunua. Ndani yake zililala bawaba, komeo na skrubu, zimeoshwa zikang'aa, zimepangwa kwa ukubwa. Aliwahi kupasuliwa kidole tumbo. Kabla hajapitiwa na usingizi wa dawa, aliona vifaa vimepangwa vivyo hivyo.

"Nani hapa amefanya kazi chumba cha upasuaji?"

Muuguzi ambaye wagonjwa walimwita Mama Chemsha aliinua mkono bila kuacha kuteka maji.

"Ungezitupa chooni, nisingekupata," Inspekta alisema.

"Chuma kichafu siwezi kukiacha, afande. Mkono wenyewe unakataa."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Wengine usiniulize."

"Kwa nini?"

"Waliacha kutupa kuni. Watu wakanywa maji ya kisima hivyohivyo, tukawa tunazika watoto. Nikamwomba mkuu, akaniambia vita havina kuni. Nikazunguka kambi nzima kutafuta mbao ambayo hakuna mtu atakayeililia." Alinyoosha mgongo. "Tangu tuanze kuuchoma ule mlango, hatujazika mtu. Andika hilo pia. Najivunia. Ila kipande cha mwisho ndicho hicho kinaungua."

"Na mgonjwa wa machela?"

"Mimi!" ajuza mmoja aliita kutoka kitandani, kikombe mkononi. "Ni mkwe wangu huyo. Nilimwambia, mama, kubeba siwezi, lakini kulala naweza!"

Banda zima liliangua kicheko. Mkuu wa kambi aliingia wakati huohuo.

"Amekiri? Mfungieni seloni!"

"Haina mlango, mkuu," Inspekta alijibu.

"Utatengenezwa mwingine!"

"Nao utapita njia hiihii." Inspekta hakupandisha sauti. "Ripoti yangu itafika makao makuu kesho. Mwizi amekiri, chanzo ni hospitali kunyimwa kuni. Niongeze kwamba kuni zimeletwa leo, au kwamba bado?"

Mkuu alitazama kitanda hadi kitanda. Hakuna aliyeinamisha macho, hata wale wasioweza kuinua kichwa. Aligeuka akatoka, na jua likiwa bado juu mkokoteni wa kuni uliingia uani.

Mama Chemsha alikunja kile kitambaa, akamkabidhi Inspekta.

"Ushahidi wako, afande. Zimechemshwa. Hata mtu unaweza kumpasua nazo."

Inspekta alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani taratibu, kisha akabana visigino na kumpigia saluti.

Mama Chemsha aliiitikia kwa kichwa, akarudi uani kuchochea moto.