Mlango Alioufunga Verdiana

Siku ile mnadani Katesh mjinga alikuwa Hhando, na mwenyewe hakatai. Aliacha magodoro anayouza juani, akaenda kumchokoza askari wa Zimamoto. Dada wa Bukoba, Verdiana, sare imenyooshwa pasi mpaka unaogopa kuigusa, anafundisha umati kwa kipaza sauti.

"Moshi mweusi nao unaungua," alisema. "Ukijaa chumbani halafu ukafungua mlango, umeupa hewa. Chumba kizima kinashika moto kwa mpigo."

"Afande, sisi huku tumelelewa na moshi!" Hhando akapaza sauti. "Moshi kwangu ni shangazi. Asubuhi namkuta jikoni, nampa shikamoo, nafungua mlango, anatoka zake."

Watu wakaangua kicheko. Verdiana akamkagua kuanzia kofia ya sufu hadi raba.

"Na huyo shangazi alikufunza adabu, au alikutoa machozi tu?"

Hapo ndipo Hhando alipokwisha. Jioni namba ya Verdiana alikuwa nayo. Tangu hapo simu zao zilianza na "Moto unasemaje, mama?" zikaishia na "Lala huko, we godoro."

Jumapili moja akampeleka Masakta kwa shangazi wa kweli, Agripina, aliyemlea. Verdiana alivaa gauni la kitenge cha njano, hereni ndogo, akapiga goti kuamkia. Walikula uani. Sebuleni betri ya sola ilikuwa ikichaji juu ya rundo la magodoro, na kwenye koti lililoning'inia ukutani ilikuwepo pete. Hhando alipanga kuitoa baada ya chai.

Shangazi ndiye aliyenusa. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa sebule, unarudi ndani, unatoka tena, kama mtu anayehema.

"Naufungulia utoke!" Hhando akakimbia, akashika kitasa. Mlango ulikuwa umeachia upenyo wa kiganja Verdiana alipomkamata kola. Akaubamiza mlango usoni pake, akamburuta mpaka zizini.

"Niache! Koti langu limo humo!"

"Liungue! Shangazi, njoo huku, usisogee!"

Dirishani waliona moshi mzito ukishuka kutoka darini. Kioo kikapasuka, hewa ikaingia. Moto haukutambaa kutoka kitu hadi kitu. Viti, pazia, zulia, picha ya Bikira Maria, vyote viliwaka pamoja, kana kwamba vimepewa amri. Joto likawafuata hadi zizini, ng'ombe wakapiga kelele. Hhando akajikuta amekaa kwenye samadi, anatazama ulimi wa moto ukipenya kwenye ufa wa juu ya mlango, pale pale kilipokuwa kichwa chake.

Gari la Zimamoto aliloliita Verdiana lilikuta sebule imekwisha. Vyumba vya kulala vilipona, kwa kuwa milango yake ilikuwa imefungwa. Verdiana akaondoka na wenzake, kitenge cheusi kwa masizi.

Agripina alijifunika shuka. "Mwanangu, mwanamke akikufungia mlango wa kwenu mbele ya shangazi yako, amekukataa."

Hhando, akili bado haijamrudia, akaamini. Lile neno "liungue" halikumtoka masikioni. Simu ya Verdiana ikaita, ikaita. Hakupokea.

Siku ya mnada Verdiana akamfuata kwenye magodoro.

"Unanisusia simu, Hhando? Nimekukosea nini?"

"Pete yako ilikuwa kwenye lile koti. Ukasema liungue."

"Pete?" Verdiana akauliza.

Hhando akaitoa mfukoni, nyeusi tii, imepinda kidogo. Aliipata akichekecha majivu kwa chekeche la unga la shangazi. "Ndiyo hii. Shangazi anasema umenikataa. Sasa nijibu mbele za watu: kwa nini ulinibamizia mlango usoni?"

Verdiana akamnyang'anya pete, akaivaa vile vile na masizi yake.

"Kwa sababu huo uso nautaka, we godoro!"